ELIMU YA MAJI ISIFUNGIWE KABATINI

Liko jambo moja katika kazi ya kuleta maji vijijini ambalo husemwa mara chache, nalo ni hili: pampu nyingi zimekufa kwa kukosa maarifa ambayo yalikuwapo tayari. Maarifa hayo yalikuwa kwa fundi wa wilaya ya jirani, au katika kabati la shirika lililofanya kazi ile ile miaka kumi kabla, au katika kichwa cha mama aliyeyaonja maji hayo kila siku na ambaye hakuulizwa neno. Fedha zilikuja, zikachimba kisima, zikafunga pampu, zikapigwa picha. Lakini elimu haikuja pamoja nazo. Basi kosa lililofanywa mahali pengine likarudiwa hapa, nao wananchi wakalilipa mara ya pili.

Twalisema jambo hili leo kwa kuwa si dogo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61 katika Tanzania, na karibu theluthi mbili yao ni watu wa vijijini. Kwa watu hao maji ni saa za alfajiri za mama na binti yake. Ni mtoto afikaye shuleni amechelewa na miguu imejaa vumbi. Ni mzazi alazwaye katika zahanati ambayo haina hata ndoo moja ya maji safi. Wito wa kumtua mama ndoo kichwani umekwisha kuingia katika nyimbo na hotuba, nao ni wito mwema. Lakini ndoo iliyotuliwa leo yaweza kurudi kichwani kesho, siku ile fimbo ya pampu itakapokatika na asiwepo ajuaye la kufanya.

TULIKOTOKA

Mwaka 1971 nchi yetu ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Shabaha yake ilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi apate maji safi umbali usiozidi meta 400 kutoka nyumbani kwake. Ilikuwa shabaha kubwa, na hakuna haja ya kuionea haya. Taifa changa, lenye mafundi wachache, lilithubutu kusema kwamba maji ni haki ya mkulima kama yalivyo haki ya mkaaji wa mjini.

Rafiki zetu wa nje wakaja kutusaidia, na kazi ikagawanywa kimkoa. Wafini wakashika Mtwara na Lindi. Waholanzi wakafanya kazi Shinyanga, kisha Morogoro. Wadenmark wakaenda Iringa, Mbeya na Ruvuma. Waswidi wakashika mikoa ya Ziwa, yaani Kagera, Mwanza na Mara, ambako tangu mwaka 1985 mradi wao ulijulikana kwa jina la HESAWA. Kila mmoja alifanya kazi kwa bidii, na yapo maelfu ya watu walionywa maji kwa sababu yao. Hatuandiki haya ili kuwashutumu.

Hata hivyo, kila mmoja alikuja na mtindo wake, na kila mmoja alikuja na pampu yake. Kusini ilifungwa pampu ya Nira kutoka Finland. Morogoro ilifungwa pampu ya SWN ya Waholanzi. Kipuri cha Masasi hakikufaa Kilosa, na fundi aliyefundishwa Kilosa alikuwa mgeni mbele ya pampu ya Masasi. Mwamba ngoma huvutia kwake. Maandishi ya miradi hiyo yalijaza vitabu vikubwa, vingi vikiwa katika lugha ambayo mlinzi wa kisima hakuweza kuisoma. Mkataba ulipokwisha mgeni alifunga virago akaenda, nayo elimu ikaenda pamoja naye, ama ikabaki kabatini ikiliwa na mchwa.

Mwaka 1991 ukafika kabla ya shabaha kutimia. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilikiri waziwazi kwamba ni kama nusu tu ya watu wa vijijini waliokuwa wakipata maji ya kutegemewa, na kwamba zaidi ya asilimia 30 ya miradi ya vijijini haikuwa ikifanya kazi ipasavyo. Miaka kumi hivi baadaye vituo vya kuchotea maji vilihesabiwa nchi nzima, kimoja kimoja. Katika orodha ya vituo zaidi ya 74,000, karibu 4 katika kila 10 havikuwa vikitoa maji, na vingine vilitoa huku vikihitaji kutengenezwa.

Msomaji na aitafakari hesabu hiyo. Kipimo cha Serikali ni kituo kimoja kwa watu 250, na lita 25 kwa mtu mmoja kwa siku. Kituo kimoja kikifa, basi watu 250 wamerudi mtoni. Na kila kituo kilichokufa kilikwisha kugharimiwa: fedha zilitumika, mitaro ilichimbwa, wanakijiji walitoa michango na nguvu zao. Huo ndio upotevu ambao taifa maskini haliwezi kuuvumilia.

HABARI YA KUTU

Labda mtu atasema kwamba vituo hivyo vilikufa kwa sababu ya umaskini tu, wala si kwa kukosa elimu. Tunakubali kwamba umaskini upo. Michango haikutosha, mafuta ya dizeli yalipanda bei, vipuri havikupatikana. Lakini tutatoa mfano mmoja ili ionekane jinsi elimu iliyofichika inavyoweza kuwa ghali kuliko hata fedha iliyokosekana.

Katika sehemu nyingi za Afrika wananchi walilalamika kwamba maji ya kisima kipya yamekuwa mekundu, yana ladha ya chuma, yanachafua nguo nyeupe na kuharibu rangi ya chakula. Wengi waliambiwa kwamba ardhi yao ina chuma kingi, na kwamba hakuna la kufanya. Wakakiacha kisima, wakarudi kwenye dimbwi. Lakini katika visima vingi chuma hicho hakikutoka ardhini. Kilitoka katika bomba lenyewe. Maji ya ardhi yakiwa na asidi, huila ile ngozi ya zinki iliyopakwa juu ya bomba la chuma, kisha huanza kulila bomba. Maji huwa mekundu kwa kutu, bomba hutoboka, fimbo hukatika, na pampu iliyotazamiwa kudumu miaka mingi hufa katika miaka michache.

Jambo hili lilikuwa limechunguzwa zamani. Mtaalamu Otto Langenegger alilipima katika visima vya Afrika Magharibi katika miaka ya 1980, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1994 na mpango wa maji wa Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia. Alionyesha kwamba pale asidi ya maji inapokuwa chini ya 6.5 katika kipimo kitumiwacho na wakemia, zinki haiwezi kulilinda bomba. Dawa yake ni rahisi kuielewa: tumia bomba la plastiki, au chuma kisichoshika kutu. Lakini miaka zaidi ya 20 ilipita huku mashirika mengi yakiendelea kufukia mabomba yale yale katika maji yale yale. Ni mwaka 2016 ndipo Wizara ya Maji na Mazingira ya Uganda ilipoagiza kwamba mabomba hayo ya chuma yasitumiwe tena katika pampu za mkono.

Hebu tuulize: katika miaka hiyo yote, nani hakujua? Mtaalamu alijua, maana aliandika. Fundi wa kijijini alijua, maana aliyatoa mabomba yaliyotoboka kwa mikono yake. Mama alijua, maana aliyamwaga maji mekundu mlangoni pake. Lakini mtaalamu, fundi na mama hawakupata kuketi pamoja na yule atiaye sahihi hati ya kununua mabomba. Hapo ndipo pengo lilipo, nalo halizibwi kwa fedha peke yake.

MFICHA UCHI HAZAI

Kwa nini mashirika hayafundishani? Sababu ya kwanza ni aibu, na aibu hiyo ina mizizi katika fedha. Shirika liombalo msaada hutakiwa lionyeshe matunda. Litaandika kwamba visima 50 vimechimbwa. Halitaandika kwamba 15 vilikuwa vimekauka ilipofika kiangazi cha pili. Likiandika hivyo laogopa kwamba mfadhili atampa fedha mwingine aliyenyamaza. Hivyo mwenye kusema kweli huadhibiwa, na mwenye kunyamaza hutuzwa. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Nasi twaongeza kwamba katika kazi ya maji, afichaye uchi wake huwanyima na wengine uzazi, kwa sababu jirani yake atalirudia kosa lile lile bila kujua.

Sababu ya pili ni majivuno ya ofisi. Idara ya maji huona kwamba afya si kazi yake. Idara ya afya huona kwamba pampu si kazi yake. Chuo hufanya uchunguzi kwa ajili ya shahada, na shahada ikipatikana uchunguzi hulala. Kanisa lina kisima chake, msikiti una kisima chake, shule ina kisima chake, na kila mmoja hutafuta fundi wake gizani.

Sababu ya tatu ni kumdharau afanyaye kazi kwa mikono. Fundi wa pampu, aliyefungua pampu moja mara thelathini, ana elimu ambayo haimo katika kitabu chochote. Anajua ni raba gani hupasuka upesi, ni duka gani huuza vipuri bandia, ni kisima gani hupungua mwezi wa Oktoba. Lakini mikutano ya maji inapoitishwa yeye hubaki nje akilinda magari. Nchi iliyojengwa juu ya heshima ya kazi haiwezi kuendelea kuwaweka nje wafanyakazi wake wenye ujuzi.

WALIOKETI PAMOJA

Yafaa tuseme pia habari njema, kwa sababu ipo, na nyingine imetoka karibu sana nasi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Malawi walitengeneza pampu ya mkono iliyoitwa Maldev. Haikuwa kamili. Badala ya kuificha, wazo hilo lilichukuliwa likajaribiwa Kenya, katika Kwale, pwani ya kusini, chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia. Huko walikuwapo Serikali ya Kenya, wafadhili wa Sweden, wataalamu wa pampu, na shirika la Kenya liitwalo KWAHO lililokuwa likifanya kazi na vikundi vya wanawake. Pampu ikafungwa, ikavunjika, ikarekebishwa, ikafungwa tena. Wanawake wa Kwale wakaonyeshwa namna ya kuifungua, nao wakaonyesha mahali ilipowashinda. Matunda yake ni pampu ya Afridev, ambayo mwanakijiji aweza kuifungua kwa spana moja na kuvuta fimbo zake bila ya kulitoa bomba zima ardhini. Michoro yake haikufanywa mali ya mtu mmoja; iliachwa wazi ili kiwanda chochote kiweze kuitengeneza kwa kipimo kile kile. Leo pampu hiyo inatumika katika nchi nyingi. Hakuna shirika moja liwezalo kusema, hii niliibuni mimi peke yangu. Na ndiyo maana ilifaa wengi.

Tuangalie tena Uganda. Huko mafundi wa pampu wa wilaya waliunganishwa katika vyama vyao, ili wapate kandarasi kwa jina la chama, wabadilishane vipuri na ujuzi, na wawe na sauti mbele ya ofisi ya wilaya. Mashirika ya kiraia ya maji yana mtandao wao tangu mwaka 2000, na Wizara huketi nayo pamoja na wafadhili kila mwaka kuitazama hali ya kazi nzima. Si kwamba matatizo ya Uganda yamekwisha. Lakini amri ile ya mwaka 2016 juu ya mabomba ya chuma isingepatikana katika nchi ambayo fundi hasikiki.

Ghana nayo ina jukwaa la taifa ambalo idara za Serikali, mashirika, vyuo na wafadhili hukutana kufundishana juu ya maji na usafi. Katika Kitui, nchini Kenya, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga katika pampu za mkono chombo kidogo kilichotoa habari kwa njia ya simu kuonyesha kama pampu inatumika au imenyamaza. Pamoja na chombo hicho wakaweka mafundi waliolipwa kwa kazi ya matengenezo. Muda wa kungojea pampu itengenezwe ulishuka kutoka siku 27 kwa wastani hadi chini ya siku 3. Tuseme wazi kwamba chombo peke yake kisingefaa kitu. Kilichofaa ni kwamba habari ya kuharibika kwa pampu ilimfikia mtu mwenye wajibu wa kuitengeneza, naye alikuwa na vipuri na ujira.

Yako pia matatizo ambayo hayajui mpaka. Maji ya Arusha, Manyara na sehemu za Kilimanjaro yana madini ya floridi yanayogeuza meno kuwa ya hudhurungi na, yakizidi, kupinda mifupa ya watoto. Maji ya Nakuru yana floridi hiyo hiyo, kwa sababu Bonde la Ufa ni moja. Kwetu, kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Huko Nakuru, Kanisa Katoliki la jimbo hilo limefanya kazi hiyo hiyo kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani lasema floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mchimba visima ajaye leo katika wilaya za Meru au Hanang' hana sababu ya kuanza upya kama mtu wa kwanza duniani kuliona tatizo hilo. Akapige hodi kwa waliomtangulia.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Wako watakaosema: mikutano imezidi, na kila mkutano ni posho, na posho hailoweshi koo la mtu. Hoja hii ina ukweli, nasi hatuipuuzi. Tumeona warsha za hoteli ambazo matunda yake ni mikoba na kalamu. Mkutano wa aina hiyo haufundishi mtu. Mkutano tuutakao sisi hukaa chini ya mti, kando ya pampu iliyokufa. Pampu ifunguliwe mbele ya watu wote, bomba litolewe, na kila shirika lililopo liseme limeona nini kwingineko. Mkutano kama huo hauhitaji posho kubwa, wala hauwezi kuwadanganya watu, kwa sababu bomba lililotoboka liko machoni pao.

Wengine watasema kwamba kila kijiji kina hali yake, na kwamba la Njombe haliwezi kufaa Simiyu. Ni kweli kwamba Njombe ina milima na maji ya mserereko, na Simiyu ina ukame na mabwawa. Lakini kujifunza si kunakili. Mkulima wa pamba husikiliza mkulima wa kahawa juu ya ushirika na mizani, ingawa shamba lake ni jingine. Fundi wa mserereko na fundi wa pampu wote wana swali moja: nani atakusanya fedha, nani atazitunza, na nani ataitwa usiku mashine ikisimama?

Tena wako watakaosema kwamba mashirika hushindana, na mshindani hatoi siri. Twawajibu kwamba maji si bidhaa ya kushindaniwa na wasaidizi. Shirika lililokuja kwa jina la wananchi halina haki ya kuwaficha wananchi hao habari za kisima chao wenyewe.

LA KUFANYA

Hivi sasa tunayo nafasi ambayo hatukuwa nayo zamani. Sheria Na. 5 ya mwaka 2019 ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ilianzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, nao ukaanza kazi Julai mwaka huo. Kwa mara ya kwanza kazi ya maji vijijini ina chombo kimoja chenye mameneja hadi wilayani, na chini yake viko vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Mashirika ya kiraia nayo yana mtandao wao tangu mwaka 2008. Nyumba imejengwa, kinachotakiwa ni wenye nyumba kuzungumza. Tunatoa rai tano.

Kwanza, kila wilaya iwe na baraza la kufundishana mambo ya maji, likutane mara moja kila miezi mitatu, na meneja wa RUWASA awe mwenyekiti wake. Ndani yake waketi watu wa halmashauri, wa afya na wa elimu, vyombo vya jamii, mashirika, madhehebu yenye visima, wauza vipuri na mafundi. Wanawake wasiwe wapishi wa mkutano. Wawe wasemaji wake, maana wao ndio wachotaji.

Pili, kila chanzo cha maji kiwe na daftari lake. Humo iandikwe kina cha kisima, hali ya maji, aina ya pampu na ya bomba, siku ilipoharibika, siku ilipotengenezwa, na gharama iliyotumika. Daftari hilo liwe wazi kwa kila mwananchi na kila shirika. Hesabu ile ya vituo 74,000 ilikuwa kazi kubwa. Lakini hesabu isiyofanywa upya huzeeka kama gazeti la jana.

Tatu, shirika lolote lililojenga mradi lipewe sharti la kurudi baada ya miaka mitatu, na kueleza mbele ya baraza la wilaya ni vituo vingapi bado vinatoa maji na vingapi vimekufa, na kwa nini. Asemaye kweli asipigwe, apewe heshima. Wafadhili nao waelezwe kwamba taarifa isiyo na kasoro hata moja ni taarifa ya kutiliwa shaka.

Nne, vifaa viwe na umoja. Tulikwisha kuadhibiwa na pampu za kila namna. Leo zimekuja pampu za nguvu ya jua, na mita za kulipia maji kabla ya kuchota. Ni vitu vyema. Lakini ikiwa kila shirika litaleta mita yake, yenye kadi yake na mtambo wake, basi tutakuwa tumerudi Masasi na Kilosa ya zamani, ila kwa gharama kubwa zaidi. Serikali ichague aina chache, na vipuri vyake vipatikane madukani.

Tano, fundi alipwe na asikilizwe. Ujuzi hauwezi kukaa mahali ambapo mwenye ujuzi analala njaa. Chuo cha Maji, kilichoanzishwa mwaka 1974, kiwapeleke wanafunzi wake wakae na mafundi wa vijijini, na kiwaite mafundi hao wafundishe darasani yale waliyoyaona. Kijana mwenye cheti na mzee mwenye spana wakikaa pamoja, kila mmoja atatoka na zaidi ya alichokuja nacho.

WAJIBU WETU

Mwisho twawageukia wasomaji wetu, wanachama na wafanyakazi. Jambo hili halitafanywa na mameneja peke yao. Mwanachama aliye katika serikali ya kijiji aweza kuuliza katika mkutano wa kijiji: daftari la kisima chetu liko wapi? Diwani aweza kuliuliza shirika linaloomba kuchimba: kijiji cha jirani mlikochimba mwaka juzi, maji bado yanatoka? Mfanyakazi wa idara ya maji aweza kumwandikia mwenzake wa wilaya nyingine barua moja kumwonya juu ya vipuri vibovu vilivyouzwa kwake. Maswali kama hayo hayana gharama, lakini yana nguvu ya kuzuia hasara ya mamilioni.

Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Katika kazi ya maji tumekuwa na vidole vingi, vyenye nguvu, kila kimoja kikijaribu kumvunja chawa wake peke yake. Wakati umefika wa kuvikutanisha. Maarifa yaliyomo kabatini yatolewe, yasomwe kwa sauti, kwa lugha ambayo mlinzi wa kisima anaielewa. Na yule aliyekosea asimame aseme alikosea wapi, ili watu 250 wa kijiji kingine wasirudi mtoni kwa kosa lile lile.